Feni ya bafuni Malindi na Lamu: paipu ya PVC, bomba la foili, bomba lenye sufu, au tundu la ukutani?

Maji yakidondoka kutoka kwenye feni ya bafuni, lawama ya kwanza huiangukia feni. Hununuliwa nyingine, hufungwa, na baada ya siku chache tone linarudi palepale. Feni haikuwa na kosa. Maji hayo huzalika kwenye njia ya hewa, yaani lile bomba linalotoka kwenye feni, likapita juu ya silingi na kutokea nje. Njia hiyo inataka kuchaguliwa kwa makini kuliko feni yenyewe.

Zipo njia nne ambazo mtu wa Malindi au Lamu anaweza kuchagua: bomba la foili lenye mikunjo, bomba la foili lililovishwa sufu ya kioo, paipu ngumu ya PVC ya inchi 4, au kuachana na bomba na kutoboa ukuta moja kwa moja. Hukumu yetu ni hii. Nyumba ya Malindi yenye silingi na kiyoyozi ipewe PVC fupi iliyoinama kuelekea nje. Nyumba ya mawe ya Lamu, ikiwezekana, isipewe bomba kabisa. Hali zinazobadilisha hukumu hiyo zipo, nazo zinategemea aina ya maji unayoyaona.

Maji ni ya aina tatu

Aina ya kwanza ni jasho la ndani ya bomba. Hewa ya bafu la maji moto yenye joto la nyuzi 32, ikiwa imeshiba mvuke, hubeba takriban gramu 34 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 24 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 22 hivi. Gramu 12 zinazozidi huganda kama matone kwenye kuta za bomba. Feni ndogo ya kawaida, inayotoa mita 85 za ujazo kwa saa, ikizunguka dakika 20 hupitisha karibu mita 28. Hewa yote hiyo ikipoa namna ile, ni theluthi ya lita. Bila shaka si hewa yote inayogusa bomba, lakini hata robo ya kiasi hicho ikibaki kwenye mkunjo kila siku, kwa wiki ni zaidi ya nusu lita, na silingi ya jipsamu haihitaji zaidi ya hapo kuota doa la kahawia.

Jasho hili lina saa zake. Adhuhuri, chini ya mabati, hewa ya juu ya silingi ni moto kuliko mvuke wenyewe, kwa hiyo bomba hukaa kavu. Usiku mabati hupoa haraka kuliko hewa iliyoyazunguka, na kufikia alfajiri bomba limepoa nayo. Nyumba ambayo watu huoga maji moto kabla ya sala ya alfajiri ndiyo inayodondosha. Wanaooga saa kumi jioni kwa feni ileile hawaoni kitu, ndipo huanza ubishi kama feni ni mbovu au nzima.

Aina ya pili ni jasho la nje ya bomba, nalo ndilo hasa la pwani. Maelezo mengi ya mafundi yametoka nchi za baridi, ambako tatizo ni bomba lenye hewa ya moto kupita kwenye dari baridi. Kwetu mara nyingi mambo huenda kinyume. Kiyoyozi cha chumbani kimewekwa nyuzi 20, feni ya bafuni inavuta hewa hiyo ya baridi kupitia chini ya mlango na kuisukuma ndani ya bomba, na nje ya bomba kuna hewa nzito ya usiku. Hewa ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 90 huanza kuacha umande juu ya chochote chenye joto chini ya nyuzi 24. Bomba linatoka jasho kwa nje kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na maji yanatambaa kwa tumbo la bomba hadi kwenye tundu la feni.

Aina ya tatu si jasho. Ni mvua ya kusi iliyosukumwa ndani kupitia mdomo wa nje, hasa Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote katika miji hii miwili.

Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa. Zima swichi kuu, fungua kifuniko cha feni, utazame. Maji yaliyo katikati, kwenye mapanga na mota, yametoka ndani ya bomba: ni jasho la ndani au mvua. Yakiwa yanazunguka ukingo wa tundu huku ndani ya feni ni kukavu, ni jasho la nje. Kisha angalia saa: nusu saa baada ya kuoga, ni mvuke; usiku kucha na hakuna aliyeoga, ni kiyoyozi; baada ya upepo wa mvua, ni mdomo wa nje. Usinunue chochote kabla ya kujibu hili, kwa sababu dawa ya moja haitibu nyingine. Sufu yote ya duniani haizuii mvua.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Jasho la ndani | Jasho la nje | Chumvi ya bahari | Inafaa wapi |
|---|---|---|---|---|
| Foili tupu | Hukusanya maji kwenye mikunjo | Hutoka sana | Waya wake hushika kutu | Kiungo kifupi, sm 30 hadi 50 |
| Foili yenye sufu | Hupunguza | Huzuia mpaka ganda lipasuke | Waya uleule | Njia yenye vizuizi vingi ambayo paipu haipiti |
| PVC inchi 4 | Huteremsha maji nje ikiinamishwa | Hutoka kidogo. Ivishwe sponji | Haidhuriki | Nyumba nyingi za Malindi |
| Tundu la ukutani | Karibu hakuna | Hakuna | Hutegemea kifuniko | Bafu lenye ukuta wa nje |

Foili tupu hupendwa kwa kuwa ni nyepesi, hujikunja kila upande na fundi humaliza kazi kwa robo saa. Ubaya wake ni hiyo mikunjo. Kila mkunjo ni kibakuli kidogo, na maji hayawezi kuteremka hata ukiliinamisha. Likilegea katikati ya mbao mbili, hufanya tumbo. Tumbo la sentimita 5 za maji ndani ya bomba la sentimita 10 limeziba nusu ya njia, hewa hupita kwa shida, mvuke hukaa ndani muda mrefu zaidi, na maji huongezeka. Ndani ya ganda kuna waya wa chuma uliozungushwa. Hewa ya chumvi ikiufikia hufura kwa kutu na kuitoboa foili. Na kuna kosa linalorudiwa kila mahali: bomba la mita 3 linanunuliwa kwa safari ya mita moja na nusu, na badala ya kukatwa linasukumwa likakaa limejikunja. Hata likivutwa hadi mwisho, ugumu wa kupitisha hewa ni angalau mara mbili ya paipu laini. Likiachwa limejikunja, feni ndogo haina nguvu ya kulishinda.

Foili yenye sufu ni bomba lilelile lililovishwa sufu ya kioo, kwa kawaida mm 25, na ganda la plastiki au foili juu yake. Kwa jasho la nje linafanya kazi nzuri, kwa sharti moja: ganda la juu liwe zima na ncha zote mbili zimezibwa kwa utepe wa alumini. Hewa ya pwani ikipata mwanya, unyevu huingia kwenye sufu, huukuta ule ubaridi wa ndani, na sufu hunywa maji kama kitambaa cha kudekia. Haikauki tena. Uzito huongezeka, bomba huvuta misumari, tumbo linarudi. Panya nao wanaipenda. Huenda pia ukalazimika kuliagiza Mombasa. Tungelichagua tu pale ambapo vizuizi vya paa haviruhusu paipu ngumu, na hata hapo tungelifunga kwa mikanda mipana kila nusu mita ili lisilegee.

PVC ya inchi 4 ni ile paipu ya maji machafu inayouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, kipenyo cha nje mm 110. Ndani ni laini, hailiwi na chumvi, na maji yakijikusanya yanatiririka. Ndiyo sababu tunaipendelea: haizuii jasho la ndani, bali inalipatia njia ya kutoka. Maji hufuata mkondo, basi upe mkondo. Kila mita moja ya paipu iteremke sentimita 2 kuelekea nje. Ikiinama kuelekea feni, umetengeneza mfereji wa kumwagia mota maji, na hilo ni kosa baya kuliko kutumia foili.

Paipu iungwe kama bomba la maji machafu linavyoungwa: ncha nyembamba ya kipande cha juu iingie kwenye mdomo mpana wa kipande cha chini, ili maji yasikutane na ukingo na kuvuja kwenye kiungo. Tia gundi ya PVC, si utepe wa kitambaa. Gundi ya utepe huyeyuka kwa joto la chini ya mabati. Mdomo wa feni nyingi za inchi 4 ni mm 98 hadi 100, kwa hiyo unacheza ndani ya paipu. Ziba nafasi hiyo kwa silikoni, au tumia kipande cha foili cha sentimita 30 kilichovutwa kikanyooka, na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Kipande hicho pia hunyamazisha mtetemo.

Kila bendi (kiungo cha kona) ya pembe mraba huhesabiwa kama mita moja na nusu ya paipu iliyonyooka. Bendi mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya 90. Feni ya kawaida ya inchi 4 isipewe zaidi ya mita 3 kwa jumla, bendi zikiwemo. Safari ikizidi hapo, nunua feni ya kufungwa katikati ya paipu, inayotoa mita 180 za ujazo kwa saa au zaidi, uifunge mahali ambapo mkono unafika kwa usafi.

Kama jasho la nje lipo, ivishe paipu sponji nyeusi ya mafundi wa viyoyozi. Huuzwa kama shiti bapa, yenye unene wa mm 13 au 25. Ya mm 13 inatosha ikiwa kiyoyozi hakishuki chini ya nyuzi 22. Kinachoshushwa hadi 18 kinataka mm 25. Kwa paipu ya mm 110 kata upana wa sentimita 39 kwa ile nyembamba, sentimita 43 kwa ile nene, ubandike mshono kwa gundi yake na kuufunika kwa utepe wa alumini. Mshono uwe juu ya paipu. Si lazima kuvisha urefu wote ikiwa sehemu tu ndiyo inayopita juu ya chumba cha baridi, lakini paipu isilalie silingi popote: iache ining'inie kwa mikanda kila mita moja.

Tundu la ukutani huondoa tatizo kwa kuondoa bomba. Kipande cha paipu kinachopenya ukuta, kikiinamishwa sentimita moja nje, hakina urefu wa kutosha kutoa jasho. Kama bafu lako lina ukuta wa nje, usitafute njia ya silingi eti feni ionekane katikati ya dari. Shida ya tundu ni upepo na mvua, na hapo panataka maelezo zaidi.

Ukuta upi

Kusi huvuma toka kusini na kusini-mashariki, kaskazi toka kaskazini-mashariki. Kwa mji unaotazama mashariki, pepo zote mbili kubwa za mwaka zinatoka upande wa bahari. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao kwenye kusi si wa ajabu, husukuma ukuta kwa takriban paskali 38. Feni ndogo ya inchi 4 nguvu zake huishia kati ya paskali 30 na 40. Maana yake ni kwamba feni iliyotazamishwa baharini, siku ya upepo, inazunguka na kupiga kelele bila kutoa hewa yoyote. Mvuke unasimama kwenye bomba, na mvua inaingia juu yake. Mwenye feni ya namna hii ndiye anayelalamika kwamba "feni ilikuwa nzuri mpaka Mei".

Toa mdomo upande wa bara. Kama haiwezekani, tumia kofia inayotazama chini, si ile ya mabapa ya plastiki peke yake, na paipu itokeze nje ya ukuta sentimita 3 hadi 5 ili maji yasirudi kwenye plasta. Ndani ya njia weka bapa jepesi linalojifunga feni ikizimwa. Bila bapa hilo, hewa ya nje yenye unyevu hushuka usiku hadi kwenye bafu lililopozwa na kiyoyozi, na unapata matone kwenye feni ambayo hakuna aliyeiwasha. Wavu wa popo na ndege uwe wa matundu ya mm 8 hadi 10. Wavu wa mbu huziba kwa vumbi na chumvi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Lamu, ndani ya Mji Mkongwe

Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kutoboa ukuta wa mbele si jambo la fundi na mwenye nyumba peke yao. Uliza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho kabla ya kuchukua patasi. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na mashine ya kukata tundu hulegeza mawe ya jirani. Juu ya kichwa ni boriti za mikoko na zege la chokaa. Hakuna nafasi ya silingi ya kuficha bomba, na wanaojenga silingi ya uongo ili kulificha huzifungia boriti hewa.

Bafu lenye birika (tangi la maji lililojengewa) na maji yasiyopashwa moto halina mvuke wa kutosha kuhitaji feni. Tundu la juu la ukutani lililoachwa na mjenzi linatosha, mradi halijazibwa. Nyumba ya wageni yenye shawa ya moto na kiyoyozi ni hesabu nyingine. Hapo tumia uwazi uliopo wa dirisha dogo: tengeneza ubao wa kufaa uwazi huo, funga feni kwenye ubao, na uwazi unabaki salama siku feni ikiondolewa. Ukilazimika kupitisha paipu ukutani, jaza pembeni kwa chokaa na mchanga. Saruji hufunga unyevu ndani ya ukuta na plasta inaanza kumomonyoka kandokando yake. Na kwa kuwa vichochoro ni vyembamba, mdomo usitazame dirisha la jirani wala usipulize juu ya baraza wanakokaa watu.

Mtego wa maji, na lini hauna kazi

Paipu ikilazimika kupanda wima hadi juu ya paa, kuinamisha nje hakuwezekani, na kila tone litarudi chini. Hapo tu ndipo mtego wa maji unapohitajika: kikombe kinachofungwa kwenye paipu ya wima, juu kidogo ya feni, chenye kijibomba cha pembeni cha kupeleka maji nje. Kijibomba nacho kiinamishwe, kisitokee darini. Kwenye paipu ya kulala iliyoinama vizuri, mtego ni pesa iliyopotea. Kwa paa la makuti tungeepuka wima kabisa: shimo la paipu kwenye makuti halizibiki sawasawa. Na kuiachia feni ipulize tu ndani ya paa, bila bomba hadi nje, ni kuozesha makuti au kutoboza mabati kwa hiari yako mwenyewe.

Hewa ya kuingia, na muda

Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Nafasi ya sentimita moja chini ya mlango wa sentimita 76 ni sentimita za mraba 76, karibu sawa na mdomo wa paipu ya inchi 4. Mlango unaogusa sakafu ukatwe.

Weka taima ya dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga, isiwe zaidi. Feni inayoachwa mchana kutwa kwenye chumba chenye kiyoyozi hunyonya hewa ya baridi uliyoilipia umeme, na badala yake hewa nzito ya nje huingia kwa kila ufa. Jasho la nje la bomba huongezeka, na shuka za kitandani zinakuwa na unyevu.

Kabla fundi hajaondoka

Paipu ikishafungwa na feni haijaunganishwa, mimina nusu kikombe cha maji kwenye ncha ya ndani. Yanapaswa kutoka yote nje kwa muda mfupi. Yakichelewa, kuna tumbo mahali: kaza mkanda wa hapo, umimine tena. Kisha funga feni, iwashe, na ushike kijiti cha udi kinachofuka sentimita 10 kutoka kwenye kifuniko, mlango umefungwa. Moshi unapaswa kuvutwa moja kwa moja. Ukisitasita, fungua mlango ujaribu upya: ukivutwa sasa, mlango ndio unaobana, ukiendelea kuzubaa, tatizo liko kwenye paipu au kwenye bapa la nje ambalo halijafunguka. Rudia jaribio la udi siku ya kwanza ya kusi kali, kabla ya malipo ya mwisho.